Sura ya Sita: Kazi Isiyo na Shahidi

Katika rufaa za madai nchini Tanzania kuna barua fupi, mara nyingi ya aya moja, ambayo mteja haioni, jaji hasomewi, na hakuna wakili aliyewahi kupongezwa kwa kuiandika. Ni barua ya kumwomba Msajili nakala za mwenendo wa shauri na hukumu. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inataka rufaa ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu notisi ya rufaa iwasilishwe. Siku hizo hazitoshi, kwa sababu mwenendo wa kesi iliyosikilizwa kwa miaka saba hauchapwi haraka hivyo. Ndiyo maana kanuni ikaweka nafuu: siku ambazo masijala ilizitumia kuandaa nakala hazihesabiwi, mradi Msajili azithibitishe kwa hati yake. Nafuu hiyo ina masharti. Maombi yawe ya maandishi, yawe yamefika mahakamani ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe, na nakala ya barua iwe imemfikia mjibu rufaa.

Sharti hilo la mwisho limezika rufaa nyingi. Wakili anaandika barua vizuri, anaipeleka mahakamani, anagongewa muhuri, halafu nakala ya upande wa pili inabaki ndani ya jalada ikisubiri mtu wa kuipeleka. Miaka inapita. Siku ya kusikilizwa, mwenzake anasimama na kuuliza jambo moja tu: barua hii nilipelekewa lini? Hapo ufasaha hausaidii, wala umahiri wa hoja uliowekwa kwenye kurasa 40. Siku zote zilizokuwa zimesamehewa zinarudi kuhesabiwa, na rufaa inaonekana imeletwa nje ya muda.

Nimeanza na barua hiyo kwa makusudi. Tunapozungumzia tabia zinazomfikisha wakili mbali, picha inayotujia kwanza ni ya mzungumzaji: sauti, majoho, shahidi aliyebanwa mpaka akatokwa jasho. Sinema zimetulisha picha hiyo, na sherehe za kupokelewa mawakili wapya mbele ya Jaji Mkuu zinaipamba zaidi. Sikatai kwamba ulimi una kazi yake. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya wakili hupita mahali ambapo hakuna jaji, hakuna mteja, na hakuna anayetazama, na ni huko ambako jina lake linajengwa au kubomolewa.

Mahakama yenyewe imelisema hilo kwa namna yake. Wakili aliyechelewa anapoomba kuongezewa muda, mwongozo unaotajwa zaidi ni ule wa shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa chama cha YWCA, maombi ya mwaka 2010. Mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa. Ucheleweshaji usiwe wa kupindukia. Aoneshe bidii, si uzembe wala kutojali. Na mahakama inaweza kuzingatia sababu nyingine nzito, kama kasoro ya kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa. Kabla ya hapo, katika shauri la Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, ilikuwa imekwisha kuelezwa kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Sharti la tatu la Lyamuya nalisoma kama swali la tabia lililovaa nguo za sheria ya utaratibu. Mahakama inataka kujua huyu ni mtu wa aina gani, na inalisoma jibu katika tarehe. Tarehe ya hukumu, tarehe ya kupata nakala, tarehe ya kuandaa kiapo, tarehe ya kukiwasilisha. Pengo la siku kumi na moja katikati linaeleza habari za mtu kuliko wasifu wake wote.

Mwaka 2018 Bunge liliirekebisha Sheria ya Mamlaka ya Rufani na kuingiza kanuni inayozitaka mahakama kutanguliza haki badala ya ufundi wa taratibu. Vijana wengi walishangilia, kana kwamba saa ya ukutani imetolewa betri. Haikuchukua muda Mahakama ya Rufani ikaweka mpaka. Katika rufaa ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya bia Tanzania ilieleza kwamba kanuni hiyo haitumiki kiholela kuzivunja taratibu za lazima ambazo ndizo msingi wa shauri. Kanuni za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki, nazo za mwaka huohuo wa 2018, zinampa wakili mpaka saa sita usiku wa siku ya mwisho. Zamani dirisha la masijala likifungwa, siku imekwisha. Sasa kuna saa kadhaa za ziada, na nimeona namna zinavyoliwa. Anayeanza kupakia nyaraka saa tano na nusu usiku hukutana na umeme uliokatika, au faili zito, au namba ya malipo ambayo haijatoka. Ana sababu ya kweli kabisa, na bado kesho yake ataandika kiapo cha kuomba muda.

Kwa mwanasheria kijana nasema hivi: fungua daftari la tarehe, la karatasi au la kwenye simu, na kila shauri likiingia andika siku ya mwisho, kisha andika siku ya mwisho yako mwenyewe, wiki moja kabla. Huo si ushauri wa kusisimua. Lakini mkuu wa ofisi akitaka mtu wa kumwachia faili la benki wakati yeye yuko safarini, hatafuti mwenye sauti nzuri. Anatafuta yule ambaye hana haja ya kumpigia simu usiku kumuuliza kama ile notisi imekwenda.

Baada ya tarehe wanafuata watu, na hasa watu ambao wakili anadhani hawana la kumpa. Karani wa masijala. Mpeleka hati anayezunguka na pikipiki kwenye jua la Temeke akitafuta nyumba isiyo na namba. Katibu muhtasi wa jaji. Mlinzi wa getini. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na sijui taaluma ambayo methali hiyo inaihusu zaidi ya hii. Karani ndiye anayejua kwamba jalada lako limepelekwa kwa jaji mwingine, kwamba kesi imesogezwa mbele, kwamba hati uliyowasilisha jana ina ukurasa uliopinduka. Hana wajibu wa kukuambia yote hayo. Humwambia yule anayemsalimia kwa jina na kumuuliza habari za nyumbani siku ambayo hana shida naye.

Hapa lazima niweke mpaka, maana wapo watakaonielewa vibaya. Heshima siyo noti iliyokunjwa ndani ya jalada. Wakili anayejenga njia zake masijala kwa kitu kidogo anajenga juu ya karani mmoja, na karani huhamishwa. Tena siri hiyo haiwi yake peke yake. Inamilikiwa pia na aliyepokea, na itatumika siku ambayo atakuwa na haja nayo.

Kisa kinachoeleza jambo hili kuliko mahubiri yangu kilitokea Nairobi. Juni 2011, chini ya Katiba mpya ya Kenya, Nancy Baraza aliapishwa kuwa Naibu Jaji Mkuu. Alikuwa mwanasheria mwenye sifa, mtetezi wa haki za wanawake, na aliupata wadhifa huo kwa kuhojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama. Tarehe 31 Desemba ya mwaka huohuo alikwenda kwenye maduka ya Village Market. Mlinzi wa kike aliyekuwa akikagua wateja alitaka kumkagua, naye akapita. Kukatokea majibizano. Mlinzi alilalamika kwamba alibanwa pua na kutishiwa bastola, na kwamba aliambiwa anapaswa kuwajua watu. Likaundwa jopo la kuchunguza mwenendo wa Naibu Jaji Mkuu, na Agosti 2012 jopo likapendekeza aondolewe. Oktoba akajiuzulu.

Aliyeongoza jopo hilo alitoka Tanzania: Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wa zamani. Safari yake inafaa kuwekwa kando ya kisa hiki. Baada ya kusoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiunga na Jeshi la Wananchi, akafikia cheo cha Brigedia Jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akakaa miaka mingi Mahakama ya Rufani, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na baadaye rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha. Katikati ya hayo yote alipata pia daraja la ukasisi wa Anglikana. Mtu wa namna hiyo anapofungua jalada la ugomvi wa getini, halioni kuwa dogo. Swali lililokuwa mbele ya jopo, kwa maneno yangu, lilikuwa kama anayewahukumu wengine anaweza kuhesabiwa kuwa juu ya utaratibu ambao mlinzi amewekwa kuusimamia. Elimu ya Baraza haikuwa na dosari, wala hukumu zake hazikutiliwa shaka. Ngazi aliyoipanda kwa miongo mingi ilikatikia mahali ambapo hakuwa akifanya kazi ya sheria hata kidogo.

Mpinzani naye ni mtu wa kuchungwa, ingawa kwa sababu nyingine. Mawakili wa mji mmoja ni wachache kuliko wanavyojidhania. Yule uliyemzulia pingamizi la awali lisilo na kichwa wala miguu mwezi Machi, mwezi Agosti utamhitaji akukubalie kuahirisha kwa sababu mama yako amelazwa. Pingamizi la awali lina historia yake kwetu. Katika kesi ya kampuni ya biskuti ya Mukisa dhidi ya West End Distributors, mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililieleza kuwa ni hoja safi ya sheria, isiyohitaji kuthibitisha ukweli wowote kwa ushahidi, na Rais wa mahakama hiyo, Sir Charles Newbold, alikemea mtindo wa kuyaleta mapingamizi yasiyostahili, yanayoongeza gharama na kuvuruga masuala. Zaidi ya nusu karne imepita. Kesi hiyo inanukuliwa kila siku mahakamani, mara nyingi na watu wanaofanya kilekile ilichokikataza.

Nina maoni makali juu ya hili. Wakili anayeishi kwa mapingamizi hupata ushindi mwingi wa mapema na kujifunza kidogo sana. Hajui kumhoji shahidi, kwa kuwa kesi zake hazifiki huko. Akifikisha miaka kumi kazini, jaji akiona jina lake kwenye orodha ya siku, kabla hajafungua kinywa, anajua asubuhi imeharibika. Kinyume chake yuko wakili anayesimama na kusema: "Mheshimiwa Jaji, hoja ya pili ya mwenzangu ni sahihi, naiacha; naomba nijikite kwenye ya kwanza." Sentensi hiyo humgharimu hoja moja, nayo humpa kitu ambacho hakinunuliki, kwamba akisema hoja ya kwanza ina nguvu, jaji huinua kalamu. Akitaja kesi, anaaminiwa kwamba ameisoma yote, pamoja na ukurasa usiompendeza.

Kwa mteja mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mteja amekuja na fedha na anataka kusikia atashinda. Mzee ametoka Kilosa na hati za shamba ndani ya mfuko wa plastiki, amefuatana na mwanawe wa kwanza. Amekaa kitini, ameweka kofia mapajani. Anauliza: "Mwanangu, kesi hii ipo?" Wakili mchanga anajua kwamba muda wa kudai ardhi, miaka 12 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, umepita siku nyingi. Akisema hapana, mzee atavuka barabara kwenda ofisi ya pili, ambako ataambiwa ipo. Fedha ya kodi ya ofisi inatakiwa mwisho wa mwezi. Jaribu la tabia mara nyingi huja likiwa na sura ya mzee mpole, siyo ya tajiri anayeleta bahasha.

Jibu zuri halikatishi tamaa wala halidanganyi. "Mzee wangu, kwa sheria ilivyo, njia ya mahakama imefungwa kwa kuwa muda umepita. Ningechukua fedha yako ningekuwa nakudanganya. Lakini nioneshe huyu aliyeko shambani ni nani kwenu, maana huenda kuna njia ya kuzungumza." Mzee anaweza kuondoka kwa hasira. Pengine atarudi, pengine hatarudi. Ila kijijini atasimulia, na mawakili wengi wenye wateja kutoka wilaya moja wakiulizwa walianzaje watakutajia mtu mmoja ambaye hawakumtoza kitu.

Kueleza huko ni ustadi wa pekee, na tangu 2021 umepanda bei. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliifanya lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania kuwa Kiswahili, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale mazingira yanapolazimu. Waliozoea kujificha nyuma ya Kiingereza cha vitabu wamejikuta uchi. Mteja anasoma sasa hati ya madai na kuuliza kwa nini aya ya nne inasema kinyume cha alivyosimulia. Anayeweza kuandika Kiswahili kilichonyooka, chenye sentensi zinazoshika jambo moja, ana kitu adimu, na hakifundishwi kwa wingi. Oktoba 2022, matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalipoonesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote moja kwa moja ni 26, nchi nzima ilibishana. Wapo waliolaumu vyuo vikuu, wapo waliolaumu shule yenyewe, wapo waliolaumu lugha. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mjadala ulihusu alama za mtihani. Kama kijana aliyefanya mtihani huo anaweza kukaa na mzee wa Kilosa akamweleza ukomo wa madai mpaka akaelewa, hilo halikuulizwa na mtu.

Fedha za mteja nitazipitia haraka, kwa kuwa hakuna ubishi ndani yake. Ziko kwenye akaunti ya wateja, na si zako hata kama unazidai ada. Anayekopa humo "mpaka Ijumaa" amekwisha kuiba, hata Ijumaa akirudisha. Mashtaka ya nidhamu yanayomaliza mawakili pande zote mbili za mpaka wa Namanga huzunguka sana hapo: fidia ya ajali iliyolipwa na kampuni ya bima ikakaa kwa wakili, bei ya kiwanja isiyomfikia muuzaji. Nenda na risiti, toa taarifa siku fedha ilipoingia, na lala usingizi.

Je, haya yote yanampandisha mtu cheo kwa namna gani hasa? Vyeo vya juu vya taaluma hii havitolewi kwa mtihani. Katika ofisi za mawakili, wabia humchagua mbia mpya kwa kujiuliza kama wako tayari kubeba makosa yake, kwa kuwa madeni ya ofisi watayabeba pamoja. Tanzania, Rais humteua jaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Katiba inataka awe na sifa maalumu kwa muda usiopungua miaka kumi. Anayependekezwa huulizwa habari zake kwa watu ambao hatawajua. Kenya wamelifanya jambo hilo kuwa la wazi zaidi. Tangu 2011 wanaoomba nafasi za juu za mahakama huhojiwa mbele ya kamera, na wananchi hualikwa kupeleka maoni yao kwa maandishi. Mteja wa miaka 15 iliyopita aliyekatwa fedha bila maelezo anaweza kuandika barua, na barua hiyo itasomwa nchi nzima ikisikiliza.

Wanawake katika taaluma wanajua kwamba mizani hii haijasawazishwa. Julie Manning, Mtanzania wa kwanza wa kike kusoma sheria katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifikia ujaji wa Mahakama Kuu na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria, lakini waliomfuata bado wanasikia mwanamume akiitwa "mkali" kwa sauti ileile ambayo wao wanaitwa "wagomvi". Sina dawa ya hilo, na sipendi vitabu vinavyowataka wao ndio wapunguze sauti. Wakuu wa ofisi ndio wa kuulizwa kwa nini faili nono haziwafikii.

Pia nitakuwa mwongo nikisema waongo hawapandi. Wanapanda. Kila mtu wa mahakamani anaweza kumtaja mmoja mwenye gari refu na kesi za kununua. Kijana aliyeajiriwa na mtu wa namna hiyo ataombwa siku moja aandike kiapo kinachosema nyaraka zilifika tarehe 3, wakati yeye mwenyewe alizipeleka tarehe 9. Akikataa anaweza kupoteza kazi mwezi huohuo, na hakuna atakayemwandikia habari gazetini. Ushauri wangu ni kwamba akatae, akatae kwa adabu na faraghani, bila kutoa hotuba, na aanze kutafuta ofisi nyingine kabla ya kuulizwa mara ya pili. Asijidanganye kwamba sahihi ni ya bosi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mawakili kinataka hati ioneshe jina na anwani ya aliyeiandaa, na neno "Imeandaliwa na" chini ya ukurasa halina kisingizio cha umri.

Jambo moja limebadilika tangu wazee wa taaluma hii walipoanza. Hukumu za mahakama zetu sasa zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII, na nyingi hutaja mawakili waliofika mbele ya jaji. Aliyeondolewa shauri lake kwa kutopeleka barua ndani ya siku 30, aliyekemewa kwa kiapo chenye tarehe zisizokutana, aliyesifiwa kwa kukubali hoja isiyoteteka, wote wamo humo kwa majina yao kamili. Wanasheria wa mabenki wameanza kutafuta jina humo kabla ya kugawa kazi, na wateja wenye watoto waliosoma nao wanajifunza. Ofisi moja ninayoifahamu haimuulizi mwombaji kazi ni kesi ngapi ameshinda. Inamchagulia uamuzi mmoja ambao alishindwa, inamwomba auelezee kwa dakika kumi, na inasikiliza kama atamtaja karani.